Mzabibu Bila Kipupwe: Kulima Zabibu Nyumbani Butembo na Beni

Butembo iko kwenye vilima vya mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, kilomita zisizofika 20 kaskazini mwa ikweta. Ukifuata Barabara ya Taifa namba 2 kuelekea Beni unateremka takriban mita 600, na mikaratusi ya mlimani inaanza kuiachia nafasi michikichi na mikakao. Katika miji yote miwili jua huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili. Kati ya siku iliyo ndefu kuliko zote na iliyo fupi kuliko zote, tofauti haifiki dakika 5.

Kwa maharage hilo si neno. Kwa mzabibu ni jambo zito.

Mzabibu wa kawaida, Vitis vinifera, ulifugwa na binadamu kwanza huko Kaukazi na Mashariki ya Kati. Nchini Georgia yamechimbuliwa mabaki ya vyungu vya mvinyo vyenye umri wa miaka karibu 8,000. Nchi hizo zina kipupwe. Siku zinapofupika mzabibu unaacha kurefuka, unarudisha akiba ya chakula kutoka kwenye majani hadi kwenye shina na mizizi, unapukutisha majani, unalala. Baridi ikiisha macho yake yanaamka pamoja, maua yanachanua pamoja, vishada vinaiva pamoja. Mpango wote huo huongozwa na ishara mbili: urefu wa siku na baridi kali. Butembo haina hata moja. Usiku wetu wa digrii kumi na kitu unatufanya tutafute sweta, lakini kwa mzabibu huo si usingizi.

Ndiyo maana hadithi ya mizabibu mingi ya nyumbani katika nchi za ikweta hufanana. Mtu anapata kipandikizi kwa rafiki, anakichomeka karibu na jiko, kinashika vizuri. Mwaka wa pili kimefunika paa la mabati. Mwaka wa tatu kuna majani kila upande na hakuna kishada hata kimoja, au kuna kimoja pembeni kimeiva huku kingine bado ni maua. Jirani mmoja anasema udongo ni mbaya, mwingine anasema inatakiwa dawa. Mara nyingi udongo hauna kosa, na dawa haitasaidia. Mmea wenyewe haujaambiwa ni saa ngapi.

Kishada na kikono ni kiungo kimoja

Tuanze na swali la msingi kabisa: mzabibu unataka nini? Porini ni mmea wa kupanda juu ya miti mingine. Mkaratusi hutumia miaka mingi kujenga shina nene la kubeba uzito wake. Mzabibu umekwepa gharama hiyo. Unashika mti wa jirani kwa vikono vyake vyembamba, unatumia nguvu zake kurefuka, na haupumziki mpaka ufike kileleni kwenye jua. Huko juu ndiko unakozaa. Kivulini hauzai, kwa sababu huko hakuna mwanga wa kutengeneza sukari ya kujaza tunda, wala ndege wa kuliona tunda na kuisambaza mbegu.

Sasa shika ukweli huu mmoja, kwa maana karibu kila kazi ya mzabibu inatoka humo. Kile kikono cha kushikia na kile kishada cha zabibu ni kiungo kimoja kilichofuata njia mbili tofauti. Charles Darwin aliliona hilo kwenye mizabibu aliyoichunguza kwa ajili ya utafiti wake wa mimea inayopanda, aliouchapisha mwaka 1865: alikuta viungo vilivyo nusu kikono nusu kishada, na akaeleza kwamba kikono ni bua la maua lililogeuzwa kazi. Ukitazama kwa makini mzabibu wowote utavikuta hata wewe, kikono kilichobeba zabibu mbili au tatu.

Nani anaamua kiungo kifuate njia ipi? Ndani ya kila jicho changa, pale jani linapoungana na tawi, kuna donge dogo la seli ambalo bado halijaamuliwa. Jicho likipata mwanga mwingi na joto wakati linapoumbwa, donge hilo linakuwa mwanzo wa kishada. Likikulia gizani linakuwa kikono. Na uamuzi huo hufanyika msimu wa kabla. Zabibu utakazokula msimu ujao zinaamuliwa leo, ndani ya macho ya tawi linalokua sasa hivi juu ya kichanja chako.

Kwa hiyo mzabibu wenye matabaka matatu ya majani, jani juu ya jani, unajinyima wenyewe. Tabaka la juu linanyonya karibu mwanga wote. Macho ya chini yanaumbwa gizani na yatatoa vikono tu. Kumwaga samadi nyingi kwenye mmea wa namna hiyo kunazidisha tatizo, kwa sababu naitrojeni inasukuma majani zaidi na kivuli zaidi. Butembo, penye mawingu mengi na joto la wastani, kosa hilo hulipwa kwa gharama kubwa kuliko mahali pa jua kali.

Sekateri inasimama mahali pa kipupwe

Kwa nini mzabibu usiokatwa huota ncha tu? Ncha ya tawi linalokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo husafiri kushuka chini. Macho yaliyo chini ya ncha hupokea amri ya kubaki kimya. Ni utaratibu wenye faida kwa mmea wa msituni: hakuna haja ya kuamsha macho ya chini kivulini wakati ncha inakaribia jua. Lakini mwenye parseli anapata tawi la mita sita lenye uhai mwishoni tu.

Ukikata ncha, chanzo cha oksini kimeondoka, na macho yaliyobaki yanapata ruhusa ya kuamka. Katika nchi za baridi, kipupwe huwa kimeshayaandaa macho yote, na kukata kunapunguza idadi tu. Kwetu kukata ndiko kunakoamsha. Mkulima wa ikweta anaweka tarehe ya mwaka mpya ya mzabibu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Jinsi ya kukata inategemea umbo. Kwa nyumba zetu napendelea kichanja cha juu, mita mbili na zaidi, kilichotandazwa juu ya ua. Nguzo za mkaratusi zinapatikana kila mahali Butembo, na waya unatosha kwa dari. Shina moja linapanda bila matawi hadi juu, kisha linagawanyika mikono miwili inayolala sawasawa na waya. Juu ya mikono hiyo, kila upana wa kiganja kimoja hadi viwili, unaacha kitawi kilichokomaa na kukikata kibaki na macho mawili au matatu. Tawi lililokomaa ni lile lililogeuka kutoka kijani kuwa kahawia, gumu, lenye unene wa kalamu. La kijani bado ni maji matupu; la mwaka juzi limeshazaa na macho yake mengi yamekufa.

Ziko aina ambazo macho yake ya chini kabisa hayana vishada hata yakipata mwanga. Sultana, ile zabibu nyeupe isiyo na mbegu, ni mojawapo. Ukikata mara mbili kwa macho mawili usione kishada, msimu unaofuata acha matawi machache yenye macho manane hadi kumi, uyalaze kwenye waya. Kulaza kuna sababu: tawi likisimama wima jicho la juu linaamka na kuyatawala yaliyo chini, likilala, au likipindwa kama upinde, utawala huo unapungua na macho mengi yanafunguka.

Hata hivyo, bila baridi, baadhi ya macho yatabaki yamelala. Katika mashamba makubwa ya kitropiki hupakwa sainamidi ya hidrojeni ili kuyaamsha. Sumu hiyo sitamshauri mtu yeyote aiingize nyumbani: inaunguza ngozi, na mtu aliyekunywa pombe kabla au baada ya kuigusa anaweza kuugua vibaya. Liko jambo la jikoni lililopimwa kwa utafiti. Wanasayansi wa Japani walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kitunguu saumu kilichopondwa, kikipakwa kwenye jeraha la tawi mara tu baada ya kukata, huamsha macho ya mzabibu mapema. Kinachofanya kazi ni misombo yake ya salfa, ile ile inayotoa harufu. Ponda, paka, usisubiri kikauke. Na kabla ya kukata, ondoa majani yote yaliyobaki kwenye matawi utakayoyaacha. Jani zee nalo lina sehemu katika kulinyamazisha jicho lililo kwapani mwake.

Hesabu ya joto

Ni lini basi ukate? Hapa Butembo na Beni zinaachana, na hesabu yenyewe ni rahisi.

Chini ya digrii 10 mzabibu haukui. Juu ya hapo, kila digrii ya wastani wa siku inahesabiwa. Huko California, Albert Winkler na Maynard Amerine walitumia jumla hiyo mwaka 1944 kugawa maeneo ya mizabibu, na wakulima wanaitumia hadi leo. Aina ya mapema inahitaji jumla ya karibu 1,300 tangu macho yafunguke hadi zabibu ziive. Aina ya kuchelewa 1,700 au zaidi.

Tuchukue wastani wa Butembo kuwa digrii 18. Kila siku inaleta digrii 8 zinazofaa. Gawa 1,300 kwa 8, unapata siku 162. Ongeza wiki mbili za macho kufunguka, ni karibu miezi sita. Aina ya kuchelewa itakula miezi saba na zaidi, na huenda isiive vizuri kabisa. Beni iko chini kwa mita 600, na kwa kila mita 100 za kushuka joto huongezeka zaidi ya nusu digrii, hivyo tuchukue 22. Kila siku inaleta 12. Siku 108 zinatosha, na pamoja na kufunguka ni miezi minne.

Hesabu hiyo inasema mambo mawili. Mtu wa Butembo atafute aina ya mapema, na aipande upande wa ukuta unaopigwa na jua, ambako matofali yanatunza joto la mchana hadi jioni. Na mtu wa Beni anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka na bado mzabibu ukapata kupumzika, wakati Butembo mavuno mawili yanameza karibu miezi yote kumi na miwili na kuacha siku chache tu za akiba. Mimi Butembo ningechukua mavuno ya kweli mara moja kwa mwaka.

Kwamba joto la nyanda zetu si kizuizi, Dodoma imethibitisha. Mji huo wa Tanzania uko mita 1,100 na kitu, karibu sawa na Beni. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950. Sheria ya Kanisa inataka divai ya misa itokane na tunda la mzabibu, na kwa sababu hiyo mmea huu umewafuata mapadri sehemu nyingi za dunia. Leo Dodoma ina kituo chake cha utafiti Makutupora, na aina iitwayo Makutupora Nyekundu, na wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kukata, bila kipupwe chochote.

Lakini Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi, yote katika miezi michache. Butembo na Beni hupata mara mbili ya hiyo na zaidi, imetapakaa karibu mwaka mzima. Tofauti hiyo ndiyo adui wetu halisi.

Maji juu ya jani

Wakulima wa viazi wa Lubero wanaijua mildiu: majani yanapata madoa, yanageuka meusi, shamba linakwisha kwa wiki moja ya mvua. Mzabibu una mildiu yake, Plasmopara viticola, ndugu wa ile ya viazi. Kwa jicho zinafanana na kuvu, lakini kwa ukoo ziko karibu zaidi na miani ya majini, na ukoo huo unaeleza tabia yao. Mbegu zake ndogo zina mikia. Zinaogelea. Zikianguka kwenye jani lenye utando wa maji, zinaogelea hadi kwenye vitundu vya kupumulia vilivyo chini ya jani na kuingia. Jani likiwa kavu haziwezi kufika popote.

Dalili ya kwanza ni doa la njano juu ya jani, linang'aa kidogo kana kwamba limedondoshewa mafuta. Geuza jani asubuhi yenye unyevu: chini ya doa hilo utaona unga mweupe. Wakulima wa Ulaya wana kanuni ya makumi matatu: hatari inaanza joto likifika digrii 10, machipukizi yakifika sentimita 10, na mvua ikifika milimita 10 ndani ya siku moja au mbili. Huko wanasubiri masharti hayo yatimie pamoja majira ya kuchipua. Pima Butembo mwezi wa nne au wa kumi, na utaona yanatimia karibu kila wiki.

Kwa hiyo tiba ya kwanza si dawa, ni paa. Karatasi ya plastiki angavu, upana wa mita moja na nusu, imetandazwa kwa mwinamo juu ya mikono ya mzabibu, pande zikiwa wazi upepo upite, inaondoa lile sharti moja ambalo mildiu haiwezi kuishi bila hilo. Wakulima wa Japani na wa kusini mwa China, penye mvua nyingi, hulima zabibu za mezani chini ya mapaa ya namna hiyo. Mizizi inaendelea kunywa mvua. Majani na vishada yanabaki makavu. Gharama ya plastiki inauma, najua, na jua la juu linaila plastiki ya kawaida. Bado naiona ni matumizi bora kuliko chupa za dawa za kila wiki kando ya mahali watoto wanapocheza.

Asiyeweza paa achague aina na achague tarehe. Aina yenye damu ya mizabibu ya Marekani, kama Isabella, imekulia pamoja na mildiu kwa maelfu ya miaka na inavumilia. Zabibu zake ni nyeusi, ganda linaachana na nyama, harufu yake inakumbusha stroberi. Ufaransa ilipiga marufuku divai yake katika miaka ya 1930, lakini kwa kula nyumbani na kutengeneza jamu ni tunda zuri, na mtu anayeanza ningemwambia aanze nalo. Kuhusu tarehe, miezi yenye mvua kidogo kwetu ni ya kwanza na ya pili, kisha ya sita na ya saba. Lenga zabibu ziive humo. Butembo hiyo ni kukata katikati ya mwezi wa nane ili uvune mwezi wa pili. Beni ni kukata mwanzo wa mwezi wa kumi kwa mavuno ya mwezi wa pili, na mwanzo wa mwezi wa tatu kwa mavuno ya mwezi wa saba. Maua yatakutana na mvua, na baadhi yatapukutika bila kushika tunda. Nimechagua hasara hiyo kwa kujua, kwa sababu mvua wakati wa kuiva inaharibu zaidi.

Sababu ya uharibifu huo ni fizikia tupu. Tunda lililoiva lina sukari asilimia 15 hadi 20. Maji daima husogea kutoka penye myeyuko mwepesi kwenda penye myeyuko mzito, kupitia utando wowote unaoyaruhusu. Tone la mvua halina sukari. Ganda la zabibu linapitisha maji kidogo kidogo. Ndani panazidi kujaa mpaka ganda linapasuka. Udongo uliokauka kisha ukalowa ghafla hufanya hivyo hivyo kupitia mizizi. Tunda lililopasuka linavamiwa na kuvu ya kijivu, bakteria wa siki na nyuki siku hiyo hiyo. Tandaza majani makavu chini ya shina ili unyevu wa udongo usipande na kushuka kwa kishindo, na punguza punje za kishada kilichobanana wakati zikiwa bado ndogo.

Kuna ugonjwa mmoja unaokwenda kinyume na hayo yote. Oidiamu ni kuvu halisi, inafunika majani na punje kwa vumbi la kijivu, na haihitaji maji ya kuogelea; mvua nyingi hata huiosha. Inapenda kivuli na hewa iliyosimama. Ukijenga paa na kuacha majani yamesongamana chini yake, umefukuza mildiu na kukaribisha oidiamu. Toa majani yanayokizunguka kishada upande wa jua la asubuhi, hewa ipite. Vumbi la salfa huizuia.

Mrututu na msumari

Mwaka 1882, Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa botania huko Bordeaux, alipita kando ya shamba la mizabibu la Saint-Julien wakati mildiu inaimaliza Ufaransa. Safu zilizo karibu na barabara zilikuwa na majani mazima. Msimamizi wa shamba alimweleza kwamba walizinyunyizia mrututu, yaani salfeti ya shaba, na chokaa ili zionekane mbaya na wapita njia wasiibe zabibu. Millardet, pamoja na mkemia Ulysse Gayon, alilifanyia kazi jambo hilo na mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko ambao mpaka sasa unaitwa kwa jina la Bordeaux.

Kwa nini chokaa? Mrututu peke yake ni chachu na unaunguza jani. Chokaa huufunga katika chembe zisizoyeyuka kwa urahisi, ambazo hubaki juu ya jani na kuachia shaba kidogo kidogo kila linapolowa. Kiasi kidogo hicho kinatosha kuziua mbegu zinazoogelea. Hapo unaona pia mpaka wake: shaba inalinda nje, haimfuati mdudu aliyeshaingia ndani ya jani. Kunyunyiza baada ya madoa kujaa ni kazi bure.

Kwa lita 10: gramu 100 za mrututu ziyeyushwe katika nusu ya maji kwenye ndoo ya plastiki, gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika nusu nyingine, kisha mrututu umiminwe polepole ndani ya chokaa huku ukikoroga. Kwa majani machanga tumia nusu ya vipimo hivyo. Chovya msumari safi wa chuma kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, bado kuna shaba huru, na chuma kimechukua nafasi yake katika maji. Ongeza chokaa mpaka msumari utoke kama ulivyoingia. Kwa sababu hiyo hiyo ndoo ya bati haifai. Nyunyiza asubuhi isiyo na manyunyu, upande wa chini wa majani hasa, siku hiyo hiyo uliyochanganya, mikono na macho yakiwa yamefunikwa, na uache zabibu zinapokaribia kuiva. Usizidishe mwaka hadi mwaka. Shaba haiozi, inajikusanya udongoni na kuwadhuru nyungunyungu, na Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7.

Majani yanavyosema njaa

Si kila njano ni ugonjwa. Angalia jani lipi limeanza. Magnesi na potasiamu husafiri ndani ya mmea: zikipungua, mzabibu huzitoa kwenye majani mazee na kuzipeleka kwenye machanga. Njano kati ya mishipa ya majani ya chini ni njaa ya magnesi, na ukingo ulioungua kama umebabuliwa na moto ni njaa ya potasiamu. Chuma hakisafiri hivyo. Kikikosekana majani ya nchani ndiyo yanayopauka. Udongo wa mfinyanzi wa vilima vya Butembo huwa na asidi na umeoshwa na mvua, kwa hiyo njaa mbili za kwanza ndizo za kutarajia. Majivu ya kuni, konzi mbili au tatu kuzunguka shina kila miezi kadhaa, yanarudisha potasiamu na kupunguza asidi. Samadi ya simbilisi au ya mbuzi iliyooza vizuri inatosha kwa yaliyobaki.

Mzigo nao ni njaa. Kilo moja ya zabibu inahitaji karibu mita moja ya mraba ya majani yanayopata jua ili ipate utamu. Mzabibu wa mwaka wa kwanza ukitoa vishada, viondoe vyote. Wa mwaka wa pili uachiwe vitatu au vinne. Inauma kukata zabibu kwa mkono wako, lakini mzabibu mchanga uliobebeshwa hudumaa miaka.

Kuhusu kuvuna, wenyeji wa Butembo wamezoea ndizi na avokado zinazoiva zikiwa ndani ya nyumba. Zabibu haiko hivyo. Ikikatwa, sukari haiongezeki tena hata kidogo. Rangi nayo inadanganya, kwa kuwa punje huwa nyeusi wiki kadhaa kabla ya utamu. Kwenye baridi ya Butembo asidi hupungua polepole sana, hivyo onja punje ya ncha ya chini ya kishada, ambayo huiva mwisho. Ikiwa bado kali, subiri, ukivifunika vishada kwa mifuko ya karatasi ndege wasikutangulie.

Kuanza

Mbegu za zabibu usipande. Kila mbegu ni mchanganyiko mpya wa baba na mama, na mara nyingi huzaa tunda duni. Tafuta kipandikizi cha tawi la kahawia kutoka mzabibu uliouona ukizaa, urefu wa sentimita 25 hadi 30, macho matatu au manne. Kata chini sawasawa karibu na jicho na juu kwa mshazari, ili usisahau upande upi ni upi, kwa maana mizizi hutoka upande ulioelekea shina tu. Zika theluthi mbili kwenye mfuko wa udongo na mchanga, kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuama. Majani yakitoka usifurahi mapema. Mara nyingi huwa yamelishwa na akiba ya tawi, na mizizi huja wiki kadhaa baadaye. Ukivuta taratibu na kipandikizi kikagoma, kimeshika. Usilete vipandikizi kutoka ng'ambo kwenye mfuko wa safari. Ndivyo filoksera, mdudu wa mizizi kutoka Marekani, alivyofika Ufaransa katika miaka ya 1860 na kuharibu sehemu kubwa ya mizabibu yake.

Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Shina moja, likichukua nafasi ya beseni ardhini, litafunika ua mzima juu. Tangu 2014 mauaji kuzunguka Beni yamewafungia watu wengi njia ya mashamba yao, na kinachoweza kulimwa mlangoni kimekuwa na uzito mwingine. Mzabibu hautashibisha nyumba, hilo lisemwe wazi. Utatoa kivuli na tunda, na baada ya miaka mitatu utatoa kitu cha kuuza.

Baada ya mavuno usikate mara moja. Majani yaliyobaki yanajaza wanga kwenye mizizi, na wanga huo ndio utakaolisha machipukizi ya kwanza kabla hayajajitegemea. Yape angalau wiki nne, sita ni bora. Kisha kata siku kavu, ukipitisha sekateri kwenye pombe au moto kila unapohama kutoka mmea hadi mmea. Matawi yenye madoa meusi yaliyobonyea yachomwe, maana ni kovu la kuvu iitwayo anthraknosi na mvua ijayo itaisambaza. Yaliyo safi yakatwe vipandikizi siku hiyo hiyo, yafungwe kwa kitambaa chenye unyevu, na yeyote anayeyachukua aandikiwe jina la aina na tarehe ya kukatwa, ili ajue aanzie wapi hesabu yake ya joto.